Kamusi ya Kinyakyusa haikai kwenye rafu ya kamusi

Kwa anayetafuta kauntabuku, rimu ya karatasi, Biblia yenye zipu, kitabu cha hamasa au cha kiada cha darasa la tano, duka la vitabu lenye matawi ni mahali pazuri pa kuingia. Bei imebandikwa, risiti inatoka, na hakuna anayekukodolea macho ukisimama muda mrefu. Tathmini hii haimhusu mteja huyo. Inamhusu anayeingia tawi la Mbeya au la Iringa akitaka kamusi ya Kinyakyusa, historia ya Uhehe, mwongozo wa kahawa, sarufi ya Kisafwa, au diwani iliyochapwa mara moja miaka ya sabini ikasahaulika. Kwake yeye alama ni mbili kati ya tano, na zote mbili zimetoka kaunta ya oda. Rafu hazijapata kitu.

Jina la kampuni tunaliacha. Ukihama kutoka mlango wa kioo wa kampuni moja kwenda wa nyingine utakuta mambo yale yale, kwa sababu zile zile.

Maana tatu za "kimeisha"

Mhudumu akikwambia "kimeisha", usiondoke kwanza. Neno hilo likitoka kaunta lina maana tatu, na kila moja ina dawa yake. Maana ya kwanza ni ile ya kweli: kitabu kilikuwepo, kikanunuliwa. Ya pili ni kwamba hakijawahi kufika tawi hili hata siku moja, ila "kimeisha" ni jibu la adabu kuliko "sikijui". Ya tatu ndiyo inayokula muda wa watu: kompyuta inasema nakala ipo moja, lakini rafuni haionekani. Tukiite kitabu hewa, kama tulivyokuwa na watumishi hewa. Kimeibwa, au mteja amekichomeka rafu isiyo yake, au kilirudishwa makao makuu na hakuna aliyekifuta kwenye mfumo.

Swali la kutenganisha haya ni moja: "Naomba uniangalizie, mara ya mwisho kiliuzwa lini?" Mfumo wa mauzo huweka tarehe. Ikiwepo, kitabu kilifika na kinaweza kuagizwa tena kwa njia ile ile. Isipokuwepo kabisa, hakijawahi kuingia, na kungoja "mzigo ujao" ni kujidanganya. Ikiwa salio ni moja na kitabu hakijaguswa kwa mwaka mzima, hesabu kuwa ni hewa, ila kabla ya kukata tamaa omba vitazamwe vitu vitatu: boksi la marejesho huko stoo, boksi la vilivyochakaa, na dirisha la maonyesho. Dirishani ndiko vitabu vyenye jalada zuri huenda kupauka kwa jua, na kwa kuwa haviko rafuni, hakuna anayevikumbuka.

Kwa nini rafu ziko hivyo

Ukiingia, mkono wa kwanza ni vifaa vya shule na ofisi. Kisha kiada na ziada, kisha dini, kisha hamasa na ujasiriamali, kisha watoto. Kilichobaki, yaani historia, lugha, fasihi isiyofundishwa shuleni, kilimo na sayansi, kinabanwa kwenye rafu moja au mbili za nyuma zenye kibao cha "Afrika" au "Mchanganyiko". Hii ni hesabu ya fedha. Mtaala mpya ulipoanza kutumika Januari 2024, madarasa yaliyouanza yalihitaji vitabu vipya, na kila futi ya rafu ilipewa kinachotoka. Duka linalipa pango la katikati ya mji. Kitabu kinachouza nakala mbili kwa mwaka hakilipi hata kipande cha ubao kinachokikalia.

La pili ni ununuzi. Meneja wa tawi hana mamlaka ya kununua kitabu kutoka kwa mwandishi wa Tukuyu aliyekuja na boksi begani. Kila kitu kinanunuliwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya, na mtu ambaye kwake lugha za Kibena na Kikinga ni majina tu kwenye orodha. Mwandishi akifika huko anakutana na masharti: punguzo la thuluthi moja ya bei ya jaladani au zaidi, na mali kauli, maana yake anaacha vitabu, vikiuzwa ndiyo alipwe, na kulipwa kwenyewe ni baada ya miezi. Mchapishaji mkubwa anastahimili. Aliyechapa nakala 300 kwa mkopo wa kikundi hastahimili, kwa hiyo anauza kanisani, kwenye mikutano ya ukoo na kwa simu.

La tatu ni dogo kwa umbo na ndilo linalozuia vingi: baakodi. Mfumo wa duka haupokei kitu kisicho na namba. Vijitabu vingi vya lugha na historia za huku vina kurasa 40 hadi 80, vimebanwa pini mbili katikati, havina ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kitabu, wala mgongo wa kuandika jina. Hata vikibahatika kuingia, vikisimamishwa rafuni vinaonekana kama ukingo wa karatasi nyeupe. Jicho linavipita. Ukiona msongamano wa vitu vyembamba kati ya vitabu viwili vinene, vuta vyote nje. Hapo ndipo penyewe.

Kutafuta rafuni bila kupoteza asubuhi

Usianze na kibao, anza na jina la kitabu lilivyoandikwa jaladani, kwa sababu anayepanga rafu hupanga kwa neno la kwanza analolitambua. Mfano mzuri ni kamusi ya Knut Felberg iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 1996. Jina lake linaanza na "Nyakyusa-English-Swahili". Kwenye kompyuta iko herufi N, siyo K. Kwenye rafu, neno "English" linaivuta ikae na kamusi za Kiingereza, au na Kifaransa na Kichina chini ya kibao cha "Lugha za kigeni". Kinyakyusa kuwa lugha ya kigeni Mbeya mjini ni kichekesho, lakini ndiko kwa kutazama.

Vitabu vya maandiko na nyimbo kwa lugha za huku huwa kwenye dini, na pamoja navyo hujificha vitabu vya kujifunzia kusoma, kwa kuwa mchapishaji ni yule yule wa kanisa. Kilimo kiko kwenye ujasiriamali: ufugaji wa nyuki, parachichi na viazi vimepangwa pamoja na "jinsi ya kuwa milionea". Historia ya Mkwawa huweza kuwa kwenye watoto, kwa sababu ya picha ya jaladani. Tamthiliya za zamani zimechanganywa na vitabu teule vya kidato cha tatu na nne. Halafu inama: rafu ya chini kabisa na safu ya pili iliyojificha nyuma ya safu ya mbele ndizo ambazo hazijaguswa tangu zipangwe.

Msimu nao una neno. Desemba na Januari usijisumbue; vitabu visivyo vya shule vinaingizwa kwenye maboksi ili kupisha kiada, na Julai hali hujirudia kidogo kidato cha tano kinapoingia. Machi hadi Mei ndiyo nafuu. Maboksi yamefunguliwa, wahudumu wana muda, na mara nyingi kinachopunguzwa bei kipo kwenye meza karibu na mlango.

Kuandika jina kwenye kompyuta

Kompyuta ya duka haikisii. Ukikosea herufi moja inasema hakuna. Mwombe mhudumu aandike neno moja tu, fupi, kisha ajaribu maumbo yote. Kwa lugha: Nyakyusa, Kinyakyusa, Ikinyakyusa, Hehe, Kihehe, Ekihehe, Safwa, Kisafwa, Ishisafwa. Kwa mtwa, yaani mtawala, wa Uhehe: Mkwawa, Mkwava, Mukwava, Mkwavinyika, na kwa maandishi ya Wajerumani, Quawa. Tamthiliya ya Mulokozi ya mwaka 1979, kwa mfano, imeandikwa "Mukwava", kwa hiyo anayeandika Mkwawa kwa w haipati.

Vitabu vya zamani vina majina ambayo hayatumiki tena. Wajerumani, na wamisionari wa Kiskochi waliokuja kutoka upande wa Nyasa, waliwaita Wanyakyusa "Konde". Ukilitafuta neno hilo utaletewa pia Wamakonde na vinyago vyao, basi chuja. Tukuyu iliandikwa Neu-Langenburg. Mbeya yenyewe usiitafute kwenye jina la kitabu kilichotoka kabla ya miaka ya 1920 kwa sababu mji ulikuwa haujakua. Tafuta Rungwe, ambako misheni ya Moravian ilianza mwaka 1891.

Namba, hasa ya kitabu cha kabla ya 2007

Hapa ndipo oda nyingi hufia. Hadi mwisho wa 2006, ISBN ilikuwa na tarakimu 10. Tangu Januari 2007 ni 13. Mfumo wa duka unataka 13. Mhudumu anaongeza 978 mbele, anabonyeza, mfumo unakataa, na anakwambia kitabu hakipo duniani. Kosa ni tarakimu ya mwisho: hiyo ni ya kuhakikisha hesabu, na ukiongeza 978 mara nyingi inabadilika.

Ibadilishe hivi. Ondoa tarakimu ya mwisho ya namba ya zamani, weka 978 mbele, utabaki na tarakimu 12. Zilizo nafasi ya 1, 3, 5, 7, 9 na 11 ziache zilivyo. Zilizo nafasi ya 2, 4, 6, 8, 10 na 12 zizidishe kwa 3. Jumlisha zote. Chukua tarakimu ya mwisho ya jumla, itoe kwenye 10. Jibu ndilo tarakimu ya 13. Jumla ikiishia na sifuri, tarakimu ni sifuri. Kwa namba ya kujifunzia tu, 9987080138: inakuwa 978998708013, jumla ni 123, kumi toa tatu ni saba, kwa hiyo 9789987080137. Nane ya mwisho imekuwa saba. Kama namba ya zamani inaishia na herufi X, usishtuke, hiyo ni kumi. Iondoe vile vile na ufuate hatua hizo hizo.

Namba hiyo pia inakwambia kitabu kitatoka wapi. Baada ya 978, kundi la 9976 au 9987 ni la Tanzania, 9966 ni la Kenya, 9970 ni la Uganda. Ukiona 9966, mweleze mhudumu mapema kwamba mchapishaji ni wa Kenya, la sivyo oda itakaa Dar ikitafutwa kwa wachapishaji wa Dar.

Kaunta ya oda

Alama mbili zimetoka hapa, na zimestahili. Duka la matawi lina kitu ambacho duka dogo halina: gari au kifurushi cha kila mara kutoka makao makuu, na uwezo wa kuona matawi mengine. Ila oda ya mdomo haifiki popote. Peleka karatasi iliyoandikwa jina kamili la kitabu, mwandishi, mchapishaji, mwaka, toleo, na ISBN zote mbili, ya 10 na ya 13. Hapo angalia lugha: toleo la pili ni kitabu kilichorekebishwa, chapa ya pili ni kile kile kimechapwa tena. Wanaochanganya haya huletewa toleo la zamani na hawana haki ya kulirudisha.

Uliza tawi gani lina nakala, na kama hiyo nakala iko mkononi au iko kwenye mfumo tu. Tawi lenye nakala lipigiwe simu, mtu aishike, ndipo ulipe. Uliza kama kuna kiwango cha chini cha oda kwa mchapishaji huyo. Hili halisemwi mpaka uulize: ofisi ya ununuzi inaweza kuikalia oda ya nakala moja hadi zifike tano au kumi, na wewe unaambiwa "iko njiani" miezi miwili. Kama kiwango kipo, na mchapishaji yuko hai, ni haraka kumpigia mwenyewe, kulipa kwa simu na kupokea kifurushi kwa basi. Kutoka Dar hadi stendi ya Mbeya ni siku moja au mbili, Iringa mapema zaidi. Gharama ya kifurushi inaongezeka kwenye bei, lakini umeikwepa faida ya duka, kwa hiyo mara nyingi gharama hutoshana.

Malipo ya awali yalipwe kwa risiti yenye namba ya oda na jina la kitabu. Risiti iliyoandikwa "kitabu" peke yake, siku ya kudai haitakusaidia.

Kabla ya kutoka na kitabu

Omba nailoni ifunguliwe. Vitabu vya aina hii vimekaa stoo muda mrefu, na mvua za kuanzia Novemba hadi Mei, hasa kwa mzigo uliopitia Tukuyu au Njombe, huingiza unyevu ambao nailoni inaufungia ndani. Nusa. Harufu ya ukungu ni ngumu kutoka, na madoa ya kahawia hayafutiki kwa kuanika.

Kisha fungua katikati taratibu. Kitabu cha gundi bila uzi kikikaa kwenye baridi, gundi hukakamaa. Juni na Julai Mbeya, ukikikunjua kwa nguvu mgongo unapasuka na kurasa zinatoka kama karata. Kiache kipate joto la chumba kwanza. Hesabu kurasa kwenye maungio: karatasi hukunjwa kwa mikunjo ya kurasa 16 au 32, kwa hiyo kasoro nyingi ziko kwenye mpaka wa 16, 32, 48, 64. Mkunjo ukirudiwa, mwingine umekosekana. Picha zikiwa kijivu, mstari wa maandishi umeinama, jalada linang'aa kuliko kawaida na baakodi haisomeki kwenye mashine ya duka lenyewe, umeshika nakala ya kudurufu. Irudishe hapo hapo.

Pale ambapo duka halina msaada

Kuna vitabu ambavyo hata oda nzuri haivileti. Makala za zamani kuhusu Wahehe na Wanyakyusa ziko kwenye Tanganyika Notes and Records, jarida lililoanza mwaka 1936. Hilo ni la kusomea maktaba. Maktaba za mkoa, Mbeya na Iringa, ziko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Bodi hiyo ndiyo inayotoa ISBN nchini na ndiyo inayopokea nakala za vitabu vinavyochapwa nchini, kwa hiyo hata kama tawi la mkoa halina kitabu, linaweza kuulizia Dar kama kiliwahi kusajiliwa na nani alikichapa. Jina la mchapishaji peke yake ni nusu ya safari. Kwa Iringa, vyuo ni vingi kwa mji wa ukubwa ule: Mkwawa, Chuo Kikuu cha Iringa, Ruaha. Mgeni huulizwa barua au kitambulisho, nenda navyo.

Kwa kahawa, kituo cha TaCRI (Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania) kilichopo Mbimba, Mbozi, ndicho cha kuulizia miongozo ya aina na magonjwa. Kwa viazi na mahindi ni TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Uyole, mwendo mfupi wa daladala kutoka mjini. Machapisho ya kazi hizo hayana bei ya duka na hayatakaa yaingie kwenye duka la matawi. Kwa dini, historia za misheni na riwaya za zamani za Kiswahili, wachapaji wa misheni za Kikatoliki za Peramiho na Ndanda wamekuwa wakitoa vitabu kwa miongo mingi, na maduka ya makanisa ndiyo yenye mzigo wao. Huko pia mhudumu amekaa miaka mingi na anakijua kitabu kwa rangi ya jalada, jambo ambalo duka la matawi haliwezi kwa sababu wahudumu wake huhamishwa kila mara.

Kuhama huko ndiko kunakoua oda za muda mrefu: aliyepokea karatasi yako yuko Dodoma, na aliyepo hana habari. Kwa hiyo karatasi ya oda iandike mbili. Moja ibaki kwako ikiwa na sahihi na tarehe, nyingine iombe ibandikwe ukutani karibu na kompyuta, namba yako ya simu ikiwa juu kabisa kwa maandishi makubwa.